Ukurasa wa Sauna

Kazi huanza na sindano. Nakala za riwaya ya Chozi la Heri ambazo mwalimu mmoja wa Kiswahili amezikusanya zilipitia mikononi mwa watahiniwa, na kitabu kilichosomewa mtihani hakibaki kizima: mgongo umepasuka, kurasa za mwanzo zimechomoka, jalada linashikiliwa na selotepu iliyogeuka rangi. Hukilaza kitabu mezani, huibandua selotepu kuanzia pembeni akiivuta kwa upole isije ikaondoka na karatasi, kisha huzikusanya kurasa zilizolegea na kuzigongagonga mezani mpaka kingo zilingane. Hutoboa matundu kwa msumari mwembamba, hupitisha uzi wa mshona viatu uliopakwa nta, huenda na kurudi, hukaza, hufunga fundo kwa ndani. Gundi hufuata, halafu tofali juu yake mpaka asubuhi. Mwisho kitabu huvikwa karatasi ya kaki, pembe zikikunjwa kwa ukucha.

Baada ya uzi huja raba. Wanafunzi waliotangulia wamejaza pembezo za kurasa kwa maandishi yao, na mwalimu huyapitia moja moja. Maana za maneno magumu huziacha, kwa sababu mtu aliyehangaika na kamusi amemwachia msaada atakayemfuata. Hukumu huzifuta. Kwenye nakala moja nilimwona akifuta maneno yaliyoandikwa kwa penseli kando ya jina la mhusika Sauna: katili, mwenye tamaa, msaliti. Yaliyoandikwa kwa biro hayafutiki, kwa hiyo huyafunika kwa kijikaratasi cheupe kilichokatwa kwa makasi na kupakwa gundi kidogo sana, ili mstari wa kitabu ulio jirani usiguswe. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua kiasi hicho. Alisema maneno yale yametoka kwenye miongozo ya mitihani, na msomaji atakayeyakuta pale atafika kwa Sauna akiwa ameshaambiwa amwoneje.

Amestaafu sasa. Alifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Makueni kwa muda mrefu, na sasa anaishi Kalamba, upande wa Nzaui, pale ambapo kaunti ilijenga kiwanda chake cha kusindika maembe. Msimu wa maembe ukifika, baadhi ya wanawake wanaokuja kusoma naye huenda kuchambua matunda kiwandani; msimu ukipita hurudi kwenye ndengu, mbaazi na vibanda vya sokoni. Hukutana Jumamosi alasiri katika darasa ambalo shule jirani huwaazima. Ni wanachama wa chama kimoja cha kuweka akiba. Mkutano wa pesa huisha kwanza, kijitabu cha hesabu hufungwa, ndipo riwaya hutolewa. Wengine waliishia darasa la nane, wengine walimaliza kidato cha nne, wawili watatu ni wasichana waliozaa wakiwa shuleni na hawakurudi. Mkubwa wao ni mama wa kanisa aliyepita miaka sabini, ambaye vijana humwita susu na mwalimu humwita mwaitu.

Riwaya yenyewe ni ya Assumpta K. Matei. Ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, kisha Nguu za Jadi ya Clara Momanyi ikachukua nafasi yake, na nakala nyingi zikabaki kwenye stoo za shule na mapipa ya vitabu vikuukuu. Mwalimu alizipata kwa njia hiyo. Anasema kitabu kikishatoka kwenye mtihani ndipo kinapoanza kusomeka, kwa kuwa hakuna tena anayekifukuzia alama.

Si kitabu chepesi. Kinaanza na Ridhaa amesimama kwenye majivu ya nyumba yake baada ya ghasia za uchaguzi, na toka hapo hadithi hutawanyika: familia hii inaachwa njiani, ile inachukuliwa, mtu anayetajwa kwa jina tu anarudi kurasa nyingi baadaye akiwa na mzigo wake wote. Kiswahili chake kina msamiati mzito. Matei hutumia mbinu rejeshi mara kwa mara, na msomaji asiye makini hujikuta hajui kama yuko jana au leo. Ndani ya msukosuko huo kuna Pete aliyeozwa akiwa bado mtoto, kuna kitoto kichanga kilichotupwa ambacho Neema anakikuta, na kuna Sauna. Mwalimu alikichagua kitabu hiki kwa ajili ya Sauna. Alitaka wanawake wa Kalamba wazungumze kuhusu kutoa mimba, na alijua kwamba akiitisha mkutano kwa jina hilo hawatakuja, au watakuja na kunyamaza.

Hakuanza na ukurasa wenyewe. Nililiona hilo tangu mwanzo na nikavutiwa nalo, kwa sababu mtu mwenye haraka angefungua kitabu pale pale penye jambo na kusema someni hapa. Yeye aliwaacha watembee na riwaya kutoka ukurasa wa kwanza. Wiki baada ya wiki walimsoma Ridhaa, wakamsoma Mwangeka, wakafika kwa Lunga na watoto wake: Umu, Dick na Mwaliko. Mama yao anaondoka, baba anafariki, na nyumba inabaki mikononi mwa kijakazi ambaye ni Sauna. Umu anarudi kutoka shuleni siku moja na kukuta ndugu zake hawapo. Sauna amewachukua.

Siku ya kipande hicho darasa lilichemka. Karibu kila mwanamke mle ndani amewahi kumwachia mtu mwingine mtoto wake akaenda kutafuta riziki. Mwalimu alishika chaki akawaambia waseme Sauna ni nani, naye akaandika walivyosema bila kupunguza: mwizi, mchawi, mwanamke asiye na moyo, mtu wa kufungwa maisha. Mmoja alisema neno la Kikamba ambalo wenzake walicheka kwa kuona haya, na mwalimu akaliandika nalo. Ubao ulipojaa aliyanakili yote kwenye karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya kamusi yake. Hakuwaambia kwamba maisha ya Sauna yanakuja. Aliacha hasira yao ikae na kukomaa, kwa kuwa angeihitaji.

Usomaji wenyewe una utaratibu wake, nao haubadiliki. Kila kipande husomwa mara tatu. Mara ya kwanza msomaji wa siku husimama na kusoma kwa sauti, moja kwa moja, hata akikwama kwenye neno. Hakuna kumkatiza. Mwalimu hukaa dawati la nyuma, mbali na ubao, kitabu chake kimefungwa, akisikiliza tu. Ameniambia kwamba sauti ya mtu anayesoma humwonyesha alipoelewa na alipopapasa: mtu akielewa, pumzi yake hukatika penye nukta, asipoelewa hukatika popote.

Mara ya pili husomwa kwa penseli. Penseli ni za HB, zimechongwa kabla ya kikao, na kila mmoja ana yake. Kazi ni kupiga mstari chini ya kila kitenzi na kumtafuta mwenye tendo. Nani alifanya? Nani alifanyiwa? Hapo ndipo kamusi hupita kutoka mkono hadi mkono, na hapo Kikamba huruhusiwa. Akina mama hupita juu ya sentensi kama mtu anayechagua ndengu kwenye ungo, wakitoa kijiwe kimoja, wakitazama, wakiendelea. Sentensi moja ya Matei inaweza kuchukua robo saa. Mwalimu huzunguka kati ya madawati, huinama, huweka kidole kando ya mstari, haulizi zaidi ya maneno mawili: "Ni nani?" Akijibiwa ovyo haulizi tena, husimama tu pale pale mpaka mtu mwenyewe arudishe macho kitabuni.

Mara ya tatu ni kimyakimya, kila mtu peke yake.

Walipofika kwenye ukurasa wa Sauna, msomaji wa siku alikuwa kijana wa kibanda cha M-Pesa, mwenye sauti safi na kasi kidogo. Kitabu kinarudi nyuma. Sauna ni mtoto wa nyumba iliyovunjika kwa sababu ya ulevi wa baba. Mama yake anaenda kuishi na mwanamume mwingine, Maya. Maya anambaka Sauna. Sauna anashika mimba. Mama anapojua, anaisimamia mimba ile itolewe, na anamwonya bintiye asimwambie mtu. Baadaye Sauna anatoroka na kuangukia mikononi mwa Bi Kangara, mwanamke wa biashara ya watoto. Katikati ya kipande hicho kasi ya msomaji ilipungua yenyewe. Alipomaliza aliketi bila kuambiwa.

Penseli zilianza kazi. Mwalimu aliandika majina matatu ubaoni, yakiwa mbalimbali: Sauna, mama, Maya. Chini ya kila jina walimpa vitenzi vyake. Kubaka likaenda kwa Maya, na baada ya hapo safu yake ikakauka. Walitafuta, wakarudi juu, wakatafuta tena. Safu ya mama ilikuwa ndefu: kujua, kuamua, kutoa mimba, kuficha, kuonya. Chini ya Sauna waliandika kunyamaza na kutoroka. Kila kitu kingine alitendewa. Mwalimu alirudi nyuma hatua mbili akautazama ubao pamoja nao. Mkono wenye chaki ulikuwa umeshuka ubavuni. Hakusema kitu.

Ninataka kukaa kidogo kwenye kimya hicho, maana nadhani ndicho sehemu ngumu kuliko zote katika kazi yake. Mwalimu aliyezoea darasa huona kimya kama kasoro na kukijaza. Yeye alikiacha kikaendelea. Mabati yalikuwa yakilia kwa joto, bodaboda ikapita nje, mtoto mmoja aliyekuja na mama yake akaomba maji akapewa. Mwalimu aliangalia ubao, kisha sakafu, hakumwangalia mtu usoni, na baadaye nilielewa kwa nini: ukimwangalia mtu wakati kama ule ni kama umemwuliza, na pengine umemwuliza jambo ambalo hajawahi kumwambia yeyote.

Kwa sababu hiyo kuna sharti aliloliweka tangu kikao cha kwanza: hakuna kusema habari zako wala za jirani. Ukitaka kusema, sema kwa niaba ya mhusika. Sema Sauna angesema nini, mama angejibu nini, na uonyeshe ni wapi kitabuni panapokuruhusu kusema hivyo. Sharti hilo huonekana dogo. Katika soko ambapo kila mtu anajua binti wa nani alipotea muhula mzima, ni sitara kubwa. Mwanamke anaweza kubeba jambo lake lote ndani ya jina la Sauna, akalisema mbele ya wenzake kumi na zaidi, akatoka nje akiwa amesitirika.

Wa kwanza kusema alikuwa susu. Alisema kwa niaba ya mtoto ambaye hakuzaliwa. Aliuliza yeye alikuwa na kosa gani, na mbona katika majina yale matatu ubaoni lake halipo. Lilikuwa swali zuri, na mwalimu alilichukua kama lilivyo: akaandika jina la nne, mtoto, na mstari chini yake ukabaki mtupu. Yeye mwenyewe ni mshirika wa kanisa, anaamini anachoamini, wala sijamsikia akikitangaza pale mbele.

Kijana mmoja, mmoja wa wale waliozaa wakiwa shuleni, aliinua penseli. Alisema anasema kwa niaba ya Sauna. Akauliza, "Susu, mtoto yupi? Mle ndani walikuwa watoto wawili."

Hapakuwa na ugomvi. Susu alifungua kitabu chake tena akaanza kusoma ukurasa ule upya, midomo ikisogea. Mwanamke mwingine aliyekuwa kimya siku zote alisema mama hakutaka kumwokoa Sauna. Alitaka kuiokoa ndoa. Akaombwa aonyeshe kitabuni. Akaonyesha onyo la kutosema. Mwingine akapinga: mama yule alishaachana na mume mmoja, akimkosa na huyu watalala wapi? Akaombwa naye aonyeshe, akaonyesha. Ikawa hivyo kwa muda mrefu, kila kauli ikirudishwa kwenye karatasi, na kadiri walivyoonyesha ndivyo maoni waliyokuja nayo kutoka nyumbani yalivyokosa mahali pa kukaa. Aliyekuwa akisema kutoa mimba ni haki ya mwanamke alikuta kwamba hapa mwanamke mwenyewe hakuulizwa. Uamuzi ulifanywa juu ya mwili wake mara mbili, na watu wawili tofauti. Aliyekuwa akisema ni uuaji na mwenye kutenda aadhibiwe alikuta kwamba mkono wa adhabu ukinyooka hivyo hivyo utampita Maya bila kumgusa.

Hilo la mwisho mwalimu hakulisema kwa mdomo. Alilifanyia hesabu. Alitoa Katiba ya 2010 na nakala ya Kanuni ya Adhabu, akaeleza kwanza kwamba nchi ya riwaya inaitwa Wahafidhina na si Kenya, ila tuipe sheria zetu kwa alasiri hii. Kisha akaziandika nambari chini ya majina. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, kifungu cha 158: hadi miaka 14. Mwanamke mwenyewe akijitoa, kifungu cha 159: hadi miaka 7. Anayetoa dawa au kifaa akijua kitatumiwa kwa kazi hiyo, kifungu cha 160: hadi miaka 3. Akaja kwa Maya. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, aliyemnajisi mtoto hufungwa kulingana na umri wa mtoto: maisha kwa mtoto wa miaka 11 au chini yake, si chini ya miaka 20 kwa wa miaka 12 hadi 15, si chini ya miaka 15 kwa wa 16 hadi 18. Aliandika nambari zile zote, akauliza, "Na katika kitabu amefungwa miaka mingapi?" Wakarudi kutafuta. Akazifuta akaandika sifuri.

Ibara ya 26 ya Katiba ilisomwa kwa penseli vilevile, kitenzi kwa kitenzi. Inasema uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi, isipokuwa pale ambapo kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyehitimu kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama yamo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Wengi mle ndani walikumbuka mwaka ule: makanisa makubwa yaliipinga rasimu kwa sababu ya ibara hii, na Agosti 4, 2010 ikapitishwa hata hivyo. Walipiga kura, wengine ndiyo, wengine la, na hakuna aliyekuwa ameisoma ibara yenyewe mpaka mwisho. Susu alishangaa kukuta kwamba sentensi ya uhai kuanza mimba inapotungwa ndiyo hasa aliyokuwa akiitetea kanisani. Kijana wa M-Pesa alishangaa kukuta neno afya, maana alidhani ni kifo peke yake kinachohesabiwa.

Mwalimu akawasimulia kesi moja ya kweli. Msichana wa miaka 14 alinajisiwa mwaka 2014, akapata mimba, ikatolewa kwa njia isiyo salama. Figo zake ziliharibika. Mama yake, pamoja na chama cha mawakili wanawake cha FIDA-Kenya, alikwenda Mahakama Kuu Nairobi. Msichana alifariki 2018. Juni 2019 majaji watano waliamua kwamba Wizara ya Afya ilikosea ilipoondoa miongozo yake ya 2012 kuhusu huduma hizo na kuwazuia wahudumu kupata mafunzo, na kwamba mimba iliyotokana na ubakaji inaweza kutolewa ikiwa mtaalamu ataona maisha au afya ya mama imo hatarini. Aliisimulia taratibu, bila kupandisha sauti, na alipomaliza aliuliza swali moja: mama huyu na mama wa Sauna wametofautiana wapi? Walizungumza hadi jua likaanza kushuka, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya akina mama wawili na kusema na kutosema.

Kuna takwimu ambayo watu wa afya wameitaja kwa miaka mingi. Utafiti wa Wizara ya Afya na kituo cha APHRC, uliotolewa 2013, ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba 464,690 zilitolewa nchini Kenya, na kwamba karibu wanawake 120,000 walitibiwa hospitalini kwa madhara yake. Mwalimu anaijua. Hajaitumia mpaka leo katika kikao, na nimekuja kukubaliana naye. Nambari ya ukubwa huo humpa kila mtu nafasi ya kusimama mbali. Anayetetea huishika kama rungu, anayepinga naye huishika kama rungu, na Sauna hupotea katikati yao. Nambari za ubaoni zilikuwa na uzito kwa kuwa kila moja ilikuwa imeketi chini ya jina la mtu ambaye wameishi naye wiki nyingi.

Fundo kama la Sauna, la binti aliyepewa mimba na mwanamume wa nyumbani, limewahi kufungwa na mwandishi mwingine, mbali sana na hapa. John Irving wa Marekani alichapisha The Cider House Rules mwaka 1985, riwaya nene ya kituo cha mayatima huko Maine, ambapo daktari Larch huzalisha wanawake na pia huwatoa mimba, wakati sheria inakataza. Kijana aliyemlea, Homer Wells, amejifunza kazi yote na anakataa sehemu ile ya pili. Naye ni yatima, anajua kwamba angeweza kutozaliwa. Kitabu hakimtukani kwa kukataa kwake. Kinamwacha aende kufanya kazi kwenye shamba la matufaha, aishi miaka mingi, mpaka akutane na msichana ambaye baba yake mzazi amempa mimba, na hakuna mwingine wa kumsaidia. Homer anafanya alichokataa. Irving alihitaji mamia ya kurasa kabla ya kulileta jambo hilo, na mtu akifupishiwa kitabu hicho kwa dakika mbili hatabadilika hata chembe. Urefu wenyewe ndio unaofanya kazi. Mwalimu wa Kalamba hajakisoma, lakini ameugundua ufundi uleule kwa njia yake: usimlete msichana mbele ya watu kabla hawajapata muda wa kuishi.

Jumamosi iliyofuata aliitoa ile karatasi kutoka kwenye kamusi. Aliikunjua, akaisoma yote, mwizi, mchawi, asiye na moyo, na lile neno la Kikamba. Safari hii hakuna aliyecheka. Hakuwaambia waone haya, maana Sauna kweli aliiba watoto, na Umu kweli alirudi kwenye nyumba tupu. Aliuliza lipi liondolewe. Walibishana juu ya kila moja. Mwizi lilibaki kwa kauli ya wote. Asiye na moyo liliondolewa baada ya mjadala mrefu, na mwanamke aliyekuwa amelisema ndiye aliyelikata kwa penseli yake. Mchawi halikupata mtetezi. Mtu wa kufungwa maisha lilihamishwa: walipiga mshale kutoka pale hadi jina la Maya, ambalo kijana mmoja aliliandika pembeni kwa herufi kubwa.

Niliwauliza wachache, faragha, kama wamebadilisha msimamo. Wengi hawakupenda swali hilo, na sasa naona kwamba halikuwa swali zuri. Susu aliniambia bado anaamini kutoa mimba ni dhambi na atalisema hilo kanisani wakati wowote. Kisha akaongeza kwamba msichana akiletwa kwake na mama yake usiku, jambo ambalo limewahi kutokea katika maisha yake, sasa anajua atauliza nini kwanza, na hatauliza mimba ina miezi mingapi. Kijana aliyeuliza kuhusu watoto wawili aliniambia zamani alidhani jambo hili ni la sheria tu, iruhusu au ikatae. Sasa anamwogopa zaidi mtu anayeamua kwa niaba yako kwa mapenzi, kama mama wa Sauna. Hawakukutana katikati. Kila mmoja alibaki upande wake akiwa anaona mbali zaidi.

Wanataka kusoma Rosa Mistika baada ya hapa. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliichapisha 1971 akiwa bado kijana, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ilisema waziwazi mambo ambayo wazazi na walimu walikuwa wakiyafunika, kutoa mimba kukiwa mojawapo. Nakala zake ni adimu Makueni. Mwalimu amepata moja, na anafikiria kuwasomea yeye mwenyewe, jambo ambalo halipendi. Anaamini kitabu kinachosomwa na mdomo wa mwalimu huwa ni cha mwalimu.

Ila kabla ya hapo kuna Neema, na kile kitoto kilichotupwa. Mwalimu amempanga susu asome, na kijana wa watoto wawili akae dawati moja naye ashike kamusi. Susu alisita kwa sababu ya macho yake, akaahidiwa miwani ya jirani. Akakubali, akavuta kitabu kwake, akarudisha kurasa nyuma mpaka pale penye penseli nyingi.

"Nitasoma," alisema. "Lakini huyu Maya, mwalimu, usimpitishe hivi hivi. Tumrudie. Hatujamalizana naye."

Mwalimu alichukua penseli akaandika jina la Maya kwenye ratiba, Jumamosi ya mwisho wa mwezi.